Kabla Ununue Ile Lenzi ya Mrusi

Nianze na deni, ju hapo ndipo stori ilianzia. Mwaka jana nilichukua mkopo wa simu wa elfu nane nikanunua lenzi. Si kamera, lenzi. Tena si lenzi mpya: kipande cha chuma kizee kuliko mathe wangu, hakina waya hata mmoja ndani, na pete ya mbele imeandikwa kwa herufi za Kirusi. Wakati huo nilikuwa na miezi mitano tangu niache kampo. Mkopo ulikuwa wa siku thelathini. Nikajiambia lenzi itajilipa yenyewe kabla siku ziishe.

Haikujilipa. Lakini sa hii ndiyo lenzi inakaa kwa kamera yangu siku nyingi kuliko ingine yoyote, na kila wiki kuna msee ananiandikia akiuliza kama anunue kama hiyo, ama ingine ya fokasi ya mkono, ju anataka kupiga potreti na hana pesa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naandika yote mara moja, pamoja na sehemu ambazo hazinipendezi.

Siku ya kwanza kuitoa kwa kazi ya kulipwa ilikuwa ruracio ya binamu yangu, huko Murang'a. Mamake, ambaye ni anti yangu, alinipa hiyo kazi ju ni mimi, na ju alijua niko vibaya kipesa hata kama hakuna mtu alikuwa amemwambia. Elfu kumi na tano, nusu mkononi kabla. Kamera yangu ni Canon 700D ya mtumba. Kwa begi nilikuwa na ile lenzi ya plastiki iliyokuja nayo, 18-55, yenye otofokasi. Haina maneno, inafanya kazi. Lakini mimi nilitaka picha zangu zikae sinema, kwa hivyo nikafunga ya Mrusi na nikafungua tundu mpaka mwisho, f/2.

Kama umewahi kwenda ruracio unajua ile sehemu wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwa hadi miguu, wanapangwa laini, na jamaa anaambiwa atoe mchumba wake hapo katikati. Akikosea ni faini. Kelele, vigelegele, wajomba wanacheka. Jamaa akafunua leso ya tatu na akawa ndiye. Binamu yangu akaruka mbele, na kila mtu akaruka mbele naye. Mimi nikazungusha pete. Nikazungusha tena. Nilipiga picha kama arobaini.

Usiku nikazifungua kwa laptopu. Kwenye picha thelathini na kitu, kilichotoka kikali ni maua ya leso ya mama mmoja aliyesimama nyuma. Kwenye zingine ni sikio. Sura ya bibi harusi ilikuwa laini kama uji.

Nilirudisha zile elfu saba na nusu kwa awamu tatu. Anti hakunigombeza, na angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Ni sawa, kijana yangu, kuna wengine walipiga na simu."

Sasa sikia hii ingine. Siku hiyohiyo, kabla ya chakula, nilimkuta shosho amekaa peke yake chini ya mparachichi, amekimbia kelele. Nikamuuliza, "Shosho, nikupige moja?" Akasema nipige, lakini nisimkimbize. Nikachuchumaa kama mita moja na nusu mbele yake nikaanza kuzungusha pete polepole. Yeye akawa ananiangalia tu venye nahangaika na hicho chuma, na kuna mahali akaanza kutabasamu, si kwa kamera, kwa mimi. Picha nne. Zote nne, jicho liko kali hadi unahesabu kope. Anti alichapisha moja akaiweka sebuleni. Nikienda huko nakaa chini yake na hatuizungumzii.

Lenzi ileile, siku ileile. Kwa hivyo mtu akiniuliza kama lenzi za mkono ni nzuri, huwa namuuliza kwanza: unayempiga anaweza kukungoja?

Kuna kambi mbili kwenye hii maneno na zote zinaniudhi. Ya kwanza ni wale wanasema otofokasi ni ya wavivu, eti mpiga picha halisi anatumia mkono wake. Hao mara nyingi wanapiga vikombe vya kahawa. Mpeleke mmoja wao apige mtoto wa miaka miwili, ama densi, ama ile dakika ya leso niliyowaambia, halafu arudi na hiyo falsafa. Ya pili ni wale wanasema lenzi za mkono ni takataka za makumbusho, ngoja ukusanye pesa ununue 85 ya f/1.4. Ukusanye kutoka wapi? Msee ana elfu nane. Ukimwambia angoje laki moja, unamwambia asipige picha hadi afike miaka thelathini.

Mimi nasimama hapa: kwa potreti ya mtu aliyekaa, lenzi ya mkono ya bei ya chini inaweza kukupa sura ambayo lenzi ya plastiki ya 18-55 haiwezi, ju tundu lake linafunguka zaidi na ile nyuma inayeyuka. Lakini kuna watu wengi wananunua isiyofaa, kwa kamera isiyofaa, kwa sababu ya video waliyoona. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Hiyo ya kwangu ni Helios 44-2, milimita 58, f/2. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wasovieti waliitengeneza wakifuata muundo wa lenzi ya Kijerumani, Biotar ya Carl Zeiss, na ilikuwa inauzwa pamoja na kamera za Zenit. Zilitoka kwa mamilioni, ndio maana mpaka leo zinapatikana. Kitu kilichoipa jina mtandaoni ni kizunguzungu: majani ya nyuma yanajipinda kuzunguka mtu kama maji yakishuka kwa shimo la sinki. Kwa video inakaa uchawi.

Kitu hawasemi ni kwamba huo mzunguko unaishi pembeni mwa picha. Unaonekana vizuri kwa kamera za fulufremu, zile za sensori kubwa. 700D yangu, kama kamera nyingi za bei yetu, ina sensori ndogo. Inachukua katikati ya lenzi na kutupa pembe zote. Yaani nililipia kizunguzungu kwa mkopo, halafu kamera yangu ikakikata. Kimebaki kidogo, na hicho kidogo kinataka majani yenye mwanga unaopenya katikati, yakiwa mita kadhaa nyuma ya mtu. Ukuta wa mabati haujipindi, nimejaribu.

Kwa hivyo usianze na lenzi. Anza na kamera uliyonayo.

Kama uko na Canon DSLR, hizi 600D, 700D, 1200D na ndugu zao, nitakuambia kitu ambacho hutapenda kusikia kwa mtu anayesifu lenzi za mkono: nunua kwanza Canon 50mm f/1.8 STM. Ilitoka 2015, ni nyepesi, ina otofokasi, na ya mtumba mara nyingi haijapishana sana na bei ya Helios ukishaongeza adapta. Ukitaka kuzungusha pete kwa mkono, pia inazungushwa. Ningekuwa nayo pale Murang'a sai nisingekuwa nawaandikia hii stori. Helios iwe ya pili, ya siku zako mwenyewe, si ya siku za watu.

Kama uko na Nikon za chini, D3100, D3200, D5300 na kadhalika, hapo ndipo raha iko na wengi hawajui. Hizo kamera hazina mota ndani. Kuna lenzi inaitwa Nikon AF 50mm f/1.8D ambayo inategemea mota ya kamera ili ijifokasi. Ukiifunga kwa D3200 yako, otofokasi inakufa na inageuka kuwa lenzi ya mkono. Wasee wanaikwepa ju ya hiyo, na kwa hiyo sababu unaweza kuipata kwa bei ya huruma. Lakini kila kitu kingine kinafanya kazi: kamera inapima mwanga, na ukichungulia kwa kidirisha kuna kadoti ka kijani pale chini kushoto, kanawaka na kutulia fokasi ikikaa. Hakuna adapta, hakuna hesabu. Kumbuka tu kufunga pete ya tundu kwa f/22, ile namba ya rangi ya machungwa, ama kamera italia makosa. Kama ningekuwa na Nikon, ni hiyo ningenunua, na ningeacha Warusi wapumzike.

Kama uko na mirolesi, zile hazina kioo cha kuruka ndani, kama Sony a6000 ama Fujifilm ama Canon M50, wewe ndio umebarikiwa. Kwanza kuna lenzi mpya za Kichina za fokasi ya mkono, kama TTArtisan 50mm f/1.2 na 7Artisans 55mm f/1.4, zimetengenezwa kwa mdomo wa kamera yako kabisa, hazitaki adapta. Huko nje zimekuwa zikiuzwa karibu dola mia moja, ongeza yako ya kufika Nairobi. Pili, karibu lenzi yoyote ya enzi za filamu inaingia kwa adapta rahisi. Tatu, na hii ndiyo kubwa zaidi, kamera yenyewe inakusaidia: unawasha ile kitu ya kupaka rangi penye fokasi imekaa, unaona kope zinang'aa nyekundu, unabonyeza. Lakini kwanza ingia kwa menyu uruhusu kamera ipige hata kama haioni lenzi, ju lenzi ya mkono haiongei na kamera na hiyo inadhani iko uchi. Nimeshapigiwa simu na msee akitaka kurudisha lenzi nzima kwa sababu ya hiyo swichi moja ya menyu.

Sasa mbona isiwe lenzi yoyote kwa kamera yoyote? Ni umbali tu. Kila lenzi ya zamani ilichorwa ikae umbali fulani kutoka kwa filamu. Za skrubu, zinaitwa M42, kama Helios yangu, zinataka milimita 45.46. Canon DSLR ina 44, kwa hivyo kuna kanafasi ka adapta nyembamba na kila kitu kinakaa sawa hadi milima ya mbali. Nikon DSLR ina 46.5. Hapo umeshapita kabla hata adapta haijaingia, na utabaki ukifokasi vitu vya karibu peke yake, ama ununue adapta yenye kakioo ndani, na tuvioo twa bei rahisi tunaharibu picha. Sony za mirolesi zina 18. Hiyo ni nafasi ya kulala.

Na kuna mtego mmoja hapa umekula watu wangu wawili. Canon walikuwa na lenzi za zamani zinaitwa FD. Zimeandikwa Canon, ni nzuri, ni rahisi, na 50mm f/1.8 yake imejaa sokoni. Haziingii kwa Canon DSLR. Umbali wake ni 42, na mdomo ni tofauti. Jina moja, baba tofauti. Kwa mirolesi ni sawa kabisa, kwa 700D achana nazo.

Milimita ngapi? Kwa sensori ndogo, nunua kati ya 50 na 58, basi. Zidisha na 1.6 kwa Canon, na 1.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm, unapata 75 hadi 90 na kitu, na hapo ndipo watu wa potreti wamekuwa wakikaa tangu enzi za filamu. Najua kila mtu anataka 85 ju ndiyo wakubwa wanasema. Wakubwa wana fulufremu na studio. Wewe uko na bedsita ya futi kumi kwa kumi. Kupiga mtu kuanzia kiunoni kwenda juu na 85 kwa Canon ya sensori ndogo unahitaji karibu mita nne kati yenu. Chumba chako ni mita tatu. Utapigia kwa korido, na mwenye nyumba ataanza kuuliza maswali. Kwa 50 unahitaji mita mbili na kidogo, mgongo wako uko kwa mlango lakini inawezekana.

Na chini ya 50, tuseme 35? Kwa mtu mzima na mazingira yake ni safi. Kwa sura peke yake utalazimika kumkaribia sana, na ukikaribia, pua inakua na masikio yanajificha. Huo ukaribu ndio unaharibu sura. Hata ungetumia lenzi ya milioni.

Bei sasa. Msihesabu lenzi peke yake. Yangu ilikuwa elfu sita na mia tano, adapta elfu moja na mia mbili, nauli na mambo madogo ikafika elfu nane. Halafu mkopo. Nilichelewa, wakaongeza, nikachelewa tena, na siku namaliza nilikuwa nimelipa zaidi ya elfu kumi. Kwa hiyo pesa ningepata STM na chenji. Sisemi msikope kamwe, mimi si baba yenu. Nasema lenzi ya potreti ni kitu unaweza kungoja miezi miwili, na kwa hiyo miezi miwili piga na 18-55 ikiwa kwa 55, msogeze mtu mbali na ukuta, utashangaa.

Ukienda kununua ya mtumba, beba tochi ya simu. Fungua tundu lote, weka tochi upande mmoja na uchungulie kutoka upande mwingine. Vumbi kidogo si kitu. Mkwaruzo mdogo mbele pia si kitu, hauonekani kwa picha. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, ama madoadoa yenye mizizi. Kuvu inapenda unyevu na giza, kwa hivyo lenzi iliyokaa miaka kwenye kabati huko Pwani iangalie mara mbili. Ukiona ukungu mweupe umetanda kwa glasi ya ndani, pia acha, itakupa picha zimefifia kama umepiga ndani ya bafu. Zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho. Ikikwama, ama ikiwa ngumu hadi unaumia vidole, hutawahi kuitumia, utaichukia tu. Angalia pia zile bapa za tundu kama zina mafuta. Kwa Helios 44-2 mafuta si shida sana ju unazifungua na kuzifunga mwenyewe kwa mkono, lakini kwa lenzi zenye kapini kadogo nyuma, mafuta yanafanya bapa zichelewe.

Hako kapini pia ni stori. Helios za baadaye, kuanzia 44M-4, hazina swichi ya kutoka kwa kujiendesha kwenda kwa mkono. Bila kitu cha kubonyeza pini, tundu linabaki wazi f/2 milele hata ukizungusha namba. Unataka adapta yenye mdomo wa ndani unaobonyeza hiyo pini. Muulize muuzaji. Asipoelewa swali, usinunue adapta kwake.

Na ukikutana na Super-Takumar ya Pentax 50mm f/1.4 ambayo glasi imegeuka njano kama chai ya rangi, usiogope. Baadhi zilitengenezwa na glasi yenye thoriamu, madini yenye mionzi kidogo, na inabadilika rangi na miaka. Ukiianika kwa dirisha lenye jua wiki kadhaa njano inapungua. Tumia hiyo njano kushusha bei.

Umeshanunua. Sasa unafokasi aje? Kwa 700D nilijaribu kwanza kwa kidirisha nikachungulia kama mtu wa sinema, na hapo ndipo nilianguka. Vidirisha vya hizi DSLR vimetengenezwa kwa otofokasi. Havikuonyeshi ukweli wa f/2. Kitu kinaonekana kikali na si kikali. Washa skrini, bonyeza ile alama ya kukuza hadi mara kumi, weka kwa jicho lililo karibu nawe, zungusha hadi kope zisimame. Jua likiwa kali na huoni skrini, jifunike na jaketi. Utakaa mjinga. Zoea.

Kisha punguza tamaa. F/2 kwa milimita 58, mtu akiwa mita mbili, unapata kama sentimita tisa za ukali mbele hadi nyuma. Akiwa mita moja na nusu ni kama sentimita tano. Mtu akipumua kwa nguvu ametoka. Mimi sa hii napigia f/2.8 karibu kila mara. Nyuma bado inayeyuka na wewe unapata nafasi ya kukosea. Helios ina pete mbili za tundu: moja unaweka namba, nyingine inafungua na kufunga bila mlio. Kwa hivyo nafungua f/2 nifokasi nikiwa na mwanga, nazungusha inajifunga yenyewe kwa 2.8, napiga. Kamera itaandika F00 kwa skrini, haijaharibika, ni vile haijui lenzi iko wapi.

Ukishafokasi usizungushe tena pete. Sogea wewe. Egemea mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, kama mtu anasikiliza wimbo polepole, na upige tatu mfululizo. Moja itakaa. Na mwambie mtu wako aketi, ama aegemee kitu. Mtu aliyesimama huru anayumba hata kama hajui.

Jua likiwa mbele yako hizi lenzi za zamani zinapauka, weusi wote unageuka kijivu. Kwa ngozi zetu hiyo inaweza kuwa nzuri, kivuli cha shavu kinalainika, ama inaweza kufanya mtu akae ana vumbi. Zuia jua na kiganja juu ya lenzi na uangalie tofauti. Na msingoje sana ile saa ya dhahabu mnayosikia kwa video za Ulaya. Sisi tuko ikweta, jua linashuka moja kwa moja. Una dakika chache, na nusu yake utakuwa bado unazungusha pete.

Kazi za kulipwa nafanya na 50 STM, niliipata mwezi wa sita, kwa pesa yangu. Helios naitoa baadaye, mteja akishapata picha zake, namwambia tukae dakika kumi bila haraka. Wengine wanakataa. Wanaokubali, mara nyingi ni hizo wanaweka kwa wasifu. Sijui kama ni lenzi ama ni hizo dakika kumi, na kusema ukweli nashuku dakika.

Mwezi wa kumi na mbili binamu yangu anafanya harusi. Anti hajaniita na sitarajii. Lakini wiki jana alinitumia ujumbe akaniuliza, ile kamera ya shosho bado unayo? Nikasema ninayo. Akaandika, "Sawa," na hajaandika tena.

Jumamosi kuanzia saa tisa mchana nitakuwa Jeevanjee, upande wa viti, na Helios na adapta mbili, ya Canon na ya Sony. Wewe unayetaka kununua, kuja na kamera yako uifunge uipige kabla utoe pesa. Chaji betri kwanza. Na begi libebe mbele, si mgongoni.